Dakika Kumi bila Kusogea

"Chomoa huo waya, hesabu mpaka thelathini, halafu uurudishe," Mama Ngazi, fundi wa mtandao, alimwambia bosi wa ofisi. Bosi akapiga magoti chini ya meza na suruali yake ya kitambaa kizuri, akahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

Ilikuwa mara ya tatu anahesabu. Waya haukuwa na kosa lolote, na Mama Ngazi alilijua hilo tangu bosi alipomweleza tatizo kwenye simu asubuhi, kabla hata hajabeba ile ngazi ya bati iliyompa jina. Alitaka tu kumwona mtu huyu akiwa sakafuni.

Ofisi ilikuwa ya wapima ardhi: chumba kirefu, meza sita na ya bosi ya saba. Picha za bonde zima, zilizopigwa kutoka angani, zilitakiwa zifike kwenye hifadhi ya mtandaoni ya mteja kabla ya saa sita mchana. Ikipita dakika moja, zabuni imekwenda. Faili lilianza kupanda juzi, na mpaka sasa, saa nne na nusu, lilikuwa asilimia sitini na moja. Bosi hakuwa amelala siku mbili. Alikuwa akiikodolea macho ile namba kama mtu anayechunga maziwa jikoni yasifurike.

"Kushusha hakuna shida," alisema, akijipangusa magoti. "Nikifungua video inakuja hapo hapo. Kupandisha ndiko kunakotuua. Itakuwa waya."

"Inaweza ikawa waya," alisema Mama Ngazi. "Rudia."

Kamera zilizokuwa darini alizifunga yeye mwenyewe, zote nane, miezi mitano nyuma. Bosi alitaka picha safi kuliko zote, "nimwone hata nzi akitua," na zipande mtandaoni saa zote ili azitazame popote alipo. Tena alitaka kitu kingine. Mtu akikaa kitini dakika kumi bila kusogea, mtambo ukate kipande cha video na kukituma kwenye simu za ofisi nzima. "Waoneane aibu," alisema, akacheka. Mama Ngazi naye akacheka, maana kazi ilikuwa kubwa na mteja akicheka fundi hucheka. Kidole kilichobonyeza kuuwasha mpango huo kilikuwa chake.

Kwenye meza ya tatu wakati huo alikaa mdogo wake, mpiga chapa. Kazi hiyo Mama Ngazi ndiye aliyemtafutia.

Mwezi uliofuata mama yao alilazwa. Zamu za usiku wodini zilikuwa za Mama Ngazi, lakini alikuwa na kamera za kufunga kwenye ghala fulani, basi mdogo wake akazibeba zote nne. Siku ya tano akalala kazini, shavu juu ya kibodi, mdomo wazi. Dakika ya kumi simu zikalia. Jumatatu bosi aliionyesha ile video ukutani, watu wakiwa wamekaa na vikombe vyao vya chai, halafu akamfukuza na kumkalisha mwingine mezani pake.

Mdogo mtu hakuililia kazi. Alisema neno moja tu, akikunja nguo za mama, bila kuinua macho: "Walikuwepo wote, dada. Hakuna aliyeniamsha."

Tangu hapo Mama Ngazi alikuwa na deni la moyoni na bosi. Alikuwa hajui atalidaije. Leo deni limempigia simu lenyewe.

Alikaa chini kwenye kona ya ruta, akafungua kompyuta yake, na kweli ikawa kama alivyodhani. Njia ya kupandisha ya ofisi hii ilikuwa nyembamba, na kamera nane zilikuwa zikiinywa usiku na mchana. Faili la bonde lilikuwa linapata matone. Mchimba kisima huingia mwenyewe, alijisemea, na akahisi raha mbaya ikimpanda kifuani. Angenyamaza. Angembadilishia waya, angemhamishia ruta kwenye dirisha, angemhesabisha mpaka saa sita ilie.

Mchoraji ramani, mzee wa meza ya pili, alimfuata pale kona akajifanya anatafuta karatasi.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi si fundi, lakini naziona taa zile darini zinavyowakawaka. Tatizo unalijua."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tuko sita hapa. Zabuni ikikosa, yeye haondoki. Tunaondoka sisi."

Mama Ngazi alimtazama. "Siku ile mdogo wangu alipolala, wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Mzee aligeuka akaitazama meza yake. "Pale pale pangu."

"Hatua ngapi?"

"Mbili," alisema mzee. "Niliogopa, mwanangu. Kamera ilikuwa inanitazama na mimi."

Angejitetea, Mama Ngazi angemchukia vizuri na kazi ingekuwa rahisi. Lakini mzee alisimama tu na karatasi zake, miwani ikimteleza puani. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano. Mama Ngazi akainuka na hasira zake zote, akaenda kwenye meza ya bosi.

"Zima kamera."

"Ipi?"

"Zote. Zinakula njia. Faili lako halina pa kupita."

Bosi alimtazama kama ameambiwa avue nguo. "Zote? Sasa nitajuaje wanafanya nini?"

"Geuza shingo. Wako mbele yako hapo."

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Bosi alitazama namba, sitini na mbili, akatazama saa, akatoa simu. Alibonyeza neno la siri. "Shika, zima wewe," alisema. "Mimi siwezi."

Mama Ngazi akazima. Taa nane nyekundu zikafa moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitano watu wa ofisi ile walijinyoosha. Faili likaamka. Sitini na tano. Sabini. Kompyuta ikasema dakika hamsini zimebaki.

"Sasa asiguse mtu chochote," alisema Mama Ngazi. "Tunangoja."

Kungoja ndiko kulikommaliza bosi. Kufika themanini kidevu kilikuwa kifuani. Kufika themanini na sita alikuwa ameegemea nyuma, mdomo wazi, akikoroma kwa sauti ndogo ya kusikitisha.

Mama Ngazi alikuwa bado na simu ya bosi mkononi. Alifungua orodha ya wanaotumiwa zile video, akahesabu namba nane. Ya nane ilikuwa ya mdogo wake. Hakuna aliyekumbuka kuitoa, kwa hiyo kwa miezi yote hii mdogo wake alikuwa akipokea uchovu wa wenzake, na hakuwa amemwambia dada yake.

Hakuitoa.

Alisimamisha ngazi chini ya kamera ya meza ya tatu. Akapanda, akalegeza skrubu mbili, akaigeuza ikakitazama kiti cha bosi, kiti pekee ambacho hakikuwahi kutazamwa. Alipotazama chini alimkuta mzee wa ramani ameishika ngazi bila kuombwa. Kila mtu alielewa, na kunyamaza walikuwa wamezoea.

Hamu ya kuiwasha sasa hivi ilimwasha kidole. Lakini kamera moja tu ingetosha kuivuta ile njia, na faili lilikuwa tisini na mbili, zimebaki dakika kumi na tano ifike saa sita. Aliketi kwenye kidato cha ngazi akangoja, simu ya adui yake ikiwa imelala mapajani. Tisini na sita. Hakuwahi kuliombea faili la mtu kwa chuki namna ile. Tisini na tisa ilikaa muda mrefu sana. Halafu saa sita kasoro dakika tatu, alama ya kijani: limefika.

Hakuna aliyeshangilia. Mpimaji mmoja alifumba macho tu akapumua. Mama Ngazi akaiwasha kamera, moja peke yake, akaiweka simu ya bosi mezani mbele ya tumbo lake. Taa nyekundu ikawaka.

Akaanza kufungasha. Alikunja kila waya taratibu, kama ana siku nzima. Watu sita walimtazama bosi, na wote sita waliweza kumfikia kwa hatua chache. Dakika ya nne. Dakika ya saba. Mzee wa ramani aliinua mkono, akaurudisha kwenye kalamu yake.

Mama Ngazi alibeba ngazi begani akatoka. Alikuwa amefika chini ghorofa moja aliposikia zikilia nyuma yake, simu moja, mbili, halafu nyingi kwa pamoja, na kicheko cha mtu kilichokatwa katikati. Alisimama kuisikiliza furaha yake. Ilikuja, kweli ilikuja, moto na tamu.

Simu yake mwenyewe ikaita. Mdogo wake.

"Umeiona?" Mama Ngazi alisema, akicheka.

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya maji yanayochuruzika kwenye beseni, kisha yakafungwa.

"Nimeiona," alisema mdogo wake. "Dada, wewe uko hapo hapo?"

"Niko kwenye ngazi za jengo."

"Basi rudi umwamshe."

Mama Ngazi aliishusha simu sikioni, akabaki amesimama pale pale dakika baada ya dakika, akitazama juu. Ngazi ya bati ilikuwa imembana begani, ndefu mno kugeuka nayo kwenye kona ile bila kugonga ukuta. Juu, simu zilikuwa zimeanza kulia mara ya pili. Dakika nyingine kumi zilikuwa zimepita na hakuna aliyesogea.