Mbio za Amina

Mwalimu Dafrosa ndiye aliyeanzisha sala ya pamoja, kwa hiyo ilipoharibika hakuwa na wa kumsukumia lawama. Shule yao ipo Usoke, ng'ambo ya reli, kwenye mashamba ya tumbaku, na watoto wake nusu ni Wakatoliki, nusu Wamoraviani. Zamani kila upande ulisali kivyake. Dafrosa, aliyelelewa kwa rozari kisha akaolewa kwa Wamoraviani, akasema Baba anayeombwa ni mmoja. Wasali pamoja, kila mtoto kwa maneno ya kanisa lake. Nani angekataa jambo zuri namna hiyo?

Kilichosahaulika ni uji.

Uji wa shule anaupika Bi Zuena, na ule wa juu ndio uji; wa chini huongezwa maji mpaka unauona uso wako kikombeni. Sala ikiisha, foleni inaanza. Sasa, Baba Yetu ya Wakatoliki inakoma mapema. Ya Wamoraviani ina mkia: kuna ufalme, kuna nguvu, kuna utukufu, ndipo Amina. Wamoraviani walipokuwa bado kwenye nguvu, wenzao walishafanya ishara ya msalaba na vikombe viko mdomoni.

Wamoraviani wakaongeza mwendo. Wakatoliki nao hawakulala. Kufika msimu wa kukausha tumbaku, sala nzima ilikuwa inapita kama garimoshi lisilo na abiria wa kushusha: unasikia "Baba", unaona vumbi, unasikia "Amina". Upepo wa zile ishara za msalaba uliangusha mapapai yote ya Mwalimu Mkuu, mabichi kwa mabivu. Anayebisha aende, mipapai bado imeinama.

Wamoraviani wenye akili wakaona njia ya mkato: wakawa Wakatoliki asubuhi, wakirudi zao Umoraviani saa ya kwenda nyumbani. Hakuna mzazi aliyejua, mpaka Kulwa, mtoto wa Mchungaji Festo, alipojisahau akafanya ishara ya msalaba mbele ya ugali wa baba yake. Tonge la Mchungaji likaganda hewani, na likakaa huko muda mrefu hata kunguru akalichukua.

Kesho yake Mchungaji alikuwa shuleni. Akamkuta Padri Adriano ameshafika, naye ana lake.

"Mwalimu," Mchungaji akasema, "mwanangu nilimbatiza mwenyewe, kwa maji. Leo nasikia mnambatiza upya kwa uji."

"Usilie peke yako, ndugu yangu," Padri akadakia. "Hao wa kwangu wanasali kama madalali wa mnada wa tumbaku."

Wakampa Dafrosa hadi Ijumaa. Sala isipotulia, watoto watenganishwe: hawa kwenye mlingoti wa bendera, hawa nyuma ya jiko. Dafrosa akauliza yeye atasimama wapi. Wakatazamana, wakakohoa, wakaaga. Hapo ndipo alipoumia. Alijiona katikati ya uwanja peke yake, kama goli lisilo na timu.

Aliwaza mpaka mawazo yakamchoka yeye. Ijumaa, wageni wote wawili wakiwa mbele, akasimama akasema kwa upole, "Wanangu, imeandikwa wa mwisho watakuwa wa kwanza. Upande utakaomaliza sala nyuma ya mwenzake ndio utatangulia kwenye uji."

Mama yangu! Sala ikaondoka kwa mwendo wa pagazi wa Ujiji mwenye pembe mbili za ndovu begani na mwiba mguuni. "Baba" ilianza umande haujakauka. "Yetu" ilipofika, watu walishavua masweta. Kuku wa Bi Zuena alitaga, akaatamia, na isingekuwa kukodolewa macho na watoto angeangua palepale. Maneno yakawa marefu hata Kulwa akapata nafasi ya kumuuliza jirani yake Mkatoliki kwa nini wao wanaomba mkate, na Usoke mkate hauonekani. Jirani akamjibu kwamba afadhali wao wanataja wanachotaka. Wamoraviani wanaoomba "riziki" tu wanaweza kuletewa mchicha.

Wakatoliki wakaifikia Amina. Hawakuthubutu kuitamka yote. Wakaning'inia kwenye herufi ya kwanza: "Aaaa..." Wamoraviani wakauburuta mkia wao taratibu, ufalme, nguvu, utukufu, wakafika na wao kwenye "Aaaa..." Hakuna aliyekubali kuimaliza. Mabati yakatetemeka. Padri akajikuta amefungua kinywa, na Mchungaji, asiyependa kushindwa, akafungua zaidi. Mashavu yalivimba, macho yakatoka, na katika mlio ule mtu asingeweza kutofautisha kanisa na kanisa.

Dafrosa akanyanyua mikono yote miwili, akaishusha.

"...mina!" shule nzima ikaanguka nayo, kwa mkupuo mmoja, hata mbuzi wa Urambo wakapiga magoti.

"Nani kamaliza wa mwisho?" Mchungaji akauliza akihema.

"Sikumwona, Mchungaji," Dafrosa akajibu. "Wewe ulimwona?"

Mchungaji akamtazama Padri. Padri alikuwa ameshika mbavu, anacheka hadi miwani imemtoka.

"Basi nitenganishe mistari?" Dafrosa akauliza.

"Mistari ipi?" Mchungaji akasema, naye kicheko kikamshinda.

Watoto walikuwa wamejazana mbele ya jiko, kila mmoja akimsukuma mwenzake atangulie, maana hakuna aliyejua tena faida iko wapi. Bi Zuena akafunua sufuria, akachomeka upawa. Ukasimama wenyewe.

"Jua la utosi hili," akasema. "Uji umekuwa ugali, na ugali hauna foleni. Kaeni chini mle."

Wakakaa pale walipokuwa, kwa mafungu. Dafrosa akajibana kati ya Padri na Mchungaji, akanawa, akamega.