Kunguru wa Omo

Warumi walikuwa watu wa nchi kavu, na bahari waliipenda kama paka anavyopenda kuoga. Lakini walipotaka vita na Karthago, wenye bahari yao, hawakukubali kushindwa na maji. Waliokota merikebu moja ya adui iliyokwama ufukweni, wakaifumua ubao kwa ubao, wakawaambia mafundi wa pwani watengeneze kama hiyo, nyingi, na upesi. Mti uliokuwa na majani mwezi uliopita ukawa merikebu mwezi huu, mbao zikiwa bado zinatoa utomvu. Na wapiga makasia nao walitoka wapi? Walitwaliwa kwenye miji ya pwani, wakakalishwa kwenye mabenchi juu ya mchanga, wakafundishwa kupiga makasia hewani.

Stenio, seremala wa Paestum, alikuwa akipita na tezo yake begani na kumchokoza mwanawe Minato, aliyekuwa benchi la mbele.

"Mwanangu, mmefika wapi?"

"Tumeshaipita Sisilia, baba," Minato alijibu huku jasho likimtoka. "Ila hapa mbele kuna mbuzi, hataki kutupisha."

Wakacheka wote, hata msimamizi. Stenio naye alicheka, lakini moyoni hakuwa na raha. Minato ndiye mtoto pekee aliyebaki nyumbani kwake. Kila merikebu ilichukua seremala wake, kwa hiyo Stenio alimbembeleza msimamizi mpaka kijana akapangwa kwenye chombo kilekile atakachosafiri nacho yeye. Kisha akamwapia mama yake Minato kwamba atamrudisha akiwa mzima. Minato alipewa safu ya chini kabisa, ambako mpiga makasia hukaa shubiri chache tu juu ya maji. Stenio alijipa moyo kwamba angalau atakuwa karibu naye.

Kazi ya Stenio pale omo, yaani mbele kabisa ya chombo, ilikuwa Kunguru. Ndivyo askari walivyoliita daraja la kuvukia kwenye merikebu ya adui. Warumi hawakujua kuzungushana na adui baharini, basi wakabuni njia ya kupigana kama wako nchi kavu. Daraja refu la mbao lilisimamishwa kwenye nguzo pale mbele, na chini ya ncha yake kulikuwa na mwiba mnene wa chuma. Adui akikaribia, kamba inaachiwa, daraja linamwangukia, mwiba unang'ata sitaha yake, na askari wanavuka na ngao zao kama watu waendao kwa jirani. Stenio mwenyewe ndiye aliyeisimamisha ile nguzo. Siku Kunguru alipong'ata kwa mara ya kwanza, alipiga kelele za furaha mpaka sauti ikakauka.

Baada ya ushindi wa siku ile, akida Volero, mkuu wa askari wa chombo, alimvika Kunguru taji la majani ya mwaloni. Akawapanga askari wake, akawaapisha mbele ya daraja hilo kama wanavyoapishwa mbele ya nembo ya kikosi inayobebwa vitani: atakayemwacha Kunguru ameiacha nembo. Kwa Warumi, mtu aliyeiacha nembo hana pa kuweka uso wake, na mara nyingi hana hata kichwa cha kuubeba huo uso. Stenio alipiga makofi pamoja na wengine. Angejuaje?

Vita vya Afrika, kwenye nchi ya Karthago yenyewe, vilipokwisha, jeshi likafunga safari ya kurudi. Nahodha wao Zopiro, Mgiriki wa Neapoli, alikwenda na manahodha wenzake kuwaambia wakubwa wa jeshi kwamba majira yale upande wa kusini wa Sisilia haupitiki. Pwani yake ni miamba mitupu, na upepo ukivuma kutoka kusini hakuna pa kujificha. Wakubwa walitaka miji ya pwani ile iwaone wakipita na ushindi wao. Wakajibu kwamba walioishinda Karthago hawafundishwi na wavua dagaa.

Upepo ukaja wakiwa mbele ya Kamarina, mji wa pwani ile, mchana kweupe. Asubuhi walikuwa wamekunywa uji wao wa ngano kwa utulivu. Kufikia adhuhuri mawimbi yalikuwa yanapanda mpaka sitaha, na kila omo ilipozama ilichelewa kuinuka. Kunguru alikuwa akiyumba juu ya nguzo yake, na kila alipoyumba alikivuta chombo kizima.

"Stenio!" Zopiro alipaaza sauti kutoka kwenye usukani. "Litupe hilo dubwana! Litupe, ndugu yangu, la sivyo tumekwisha!"

Stenio alichukua shoka, akatambaa mpaka mbele. Akamkuta Volero na askari kadhaa wamejifunga kamba kwenye Kunguru. Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea.

"Akida, tulitupe daraja. Omo haiinuki tena."

"Fundi, umelewa?"

"Nakuomba, mkuu. Nitakuchongea jingine zuri kuliko hili."

"Hili limeapiwa. Unataka niitupe nembo yangu baharini kwa sababu ya mvua?"

"Hii si mvua, mkuu. Mwanangu yuko kule chini."

"Kila aliye humu ni mwana wa mtu," Volero alisema. Hakusema kwa ukali. Lakini upanga alikuwa ameshauchomoa.

Stenio alisimama na shoka lake. Mapigo mawili yangetosha kuikata kamba iliyolishikilia daraja, na pengine upanga usingemuwahi. Pengine ungemuwahi. Aliogopa. Alilishusha shoka, akarudi akitambaa mpaka kwenye tundu la sitaha, akainamisha kichwa gizani.

"Minato! Panda juu! Panda sasa hivi!"

"Siwezi, baba!" Sauti ilitoka chini kabisa, katikati ya makelele ya watu na maji. "Nikiliachia kasia litamvunja mbavu huyu wa nyuma yangu. Maji yanaingia!"

"Liache! Nakuamuru mimi baba yako, liache!"

"Baba, waambie huko juu wainue omo kidogo tu. Tutavuta."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia. Omo ilizama, na safari hii haikurudi. Nguzo ilivunjika, Kunguru akaenda na Volero wake na kamba zake. Stenio alirushwa majini, akabanwa na wimbi, akatupwa kwenye miamba akiwa na mkono uliovunjika. Alipotazama nyuma, pale palipokuwa na merikebu palikuwa na bahari tu. Kwa siku nyingi alizunguka pwani ile, akigeuza maiti moja baada ya nyingine. Aligeuza wana wa watu wengi. Minato hakumpata.

Alirudi Paestum. Mama yake Minato alimwona akiingia uani peke yake, akageuka, akaingia ndani. Tangu siku hiyo alimpakulia chakula chake bila kusema neno.

Roma iliagiza merikebu nyingine. Mkono ulipounga, Stenio aliitwa, na akaenda, maana kukaa nyumbani kulimshinda. Akapewa kazi ileile ya mbele. Siku moja alikuwa akitoboa tundu pale omo, na msimamizi mgeni kutoka Roma, kijana nadhifu mwenye maneno laini, akasimama kumwangalia.

"Unatoboa nini hapo, mzee wangu?"

"Tundu la nguzo ya Kunguru."

"Ah, liache hilo. Kunguru hatumweki tena. Anaielemeza omo, bahari ikichafuka chombo kinazama. Kila mtu analijua hilo."

Stenio aliacha kutoboa.

"Na kiapo?"

"Kiapo gani?"

Stenio alikaa juu ya magogo, patasi mkononi, akalia kwa sauti mbele ya mafundi wote kama mtu aliyeletewa habari ya msiba saa ileile. Kijana alisubiri kidogo, akaona aibu, akamwambia kwa upole kwamba akimaliza asisahau kuliziba lile tundu.