Chanjo ya Meneja

"Hii ya homa ya panya ni hiari," daktari wa mifugo aliniambia, hata kichwa hakuinua kwenye daftari lake. "Ya kichaa ni lazima, sheria inataka. Hii mkajadiliane nyumbani, kisha mje Alhamisi."

Hiari! Mtu akiniambia jambo ni hiari yangu, usingizi unanikimbia. Niambie fanya, nitafanya huku nikinung'unika. Niambie usifanye, nitanung'unika vilevile, lakini nitalala. Ukiniambia nichague, umenitwika mzigo, halafu wewe unakwenda zako kunywa chai.

Mbwa mwenyewe anaitwa Meneja, na si wangu, ni wa baba. Sisi tuna mashine ya kusaga unga. Kila asubuhi kabla sijawasha mota, Meneja huzunguka chumba kizima akinusa gunia moja moja, kisha anakaa mlangoni na kuwakagua wateja kana kwamba yeye ndiye anayewalipa mishahara. Baba ndiye aliyempa cheo hicho. Mama alipofariki, baba aligeuka mtu wa kulala na kutazama ukuta, mpaka tulipomletea kale kambwa. Sasa anaamka kwa sababu Meneja anataka kutoka. Anakula kwa sababu Meneja anamkodolea macho. Mbwa yule akifa, baba naye atakuwa amekwisha. Nasema wazi, sizunguki.

Na palipo na unga, panya hawahitaji mwaliko. Wiki mbili nyuma, mbwa wa mashine ya ng'ambo ya barabara alianza kutapika, macho yakawa ya manjano, siku ya nne wakamzika. Daktari alisema ni hiyohiyo homa ya panya, inatokana na mkojo wao, inaharibu figo na ini, na hata binadamu huipata. Chanjo yake ni sindano mbili, zinazopishana wiki chache, halafu moja kila mwaka. Haizuii kila aina ya vijidudu hivyo, lakini hatari inapungua sana.

"Na madhara yake?" nilimuuliza.

"Wengi huchoka siku moja, basi. Wachache huvimba uso. Kufa ni nadra mno. Ninayemwogopea ni mbwa aliyewahi kudhurika na sindano."

Nikashukuru, nikaaga, nikatoka.

Jamani, ngoja niwaambie nilichokifanya. Mwaka juzi baba alisafiri kwenda kwa dada yake, na kabla hajaondoka alininyooshea kidole: "Meneja hachanjwi nisipokuwepo." Nikaona ni maneno ya mzee tu. Wiki ileile wakapita watu wa chanjo ya bure, na mimi huyu, mwenye kujua kila kitu, nikampeleka. Wakamchoma ya magonjwa kadhaa kwa pamoja. Dakika kumi hazikuisha, uso ukavimba kama mto uliojaa pamba, miguu ikamlegea, akaanguka. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Wakamchoma dawa nyingine, akainuka. Baba aliporudi, jicho moja la Meneja lilikuwa bado limefumba.

"Nyuki," nikamwambia.

Akaniamini. Wiki nzima baba yangu, na magoti yale, alipanda ngazi kutafuta mzinga kwenye paa. Nami nikamshikia ngazi!

Ningemweleza daktari palepale, najua. Lakini yeye na baba ni maswahiba, kila Jumamosi wako kibarazani. Ukimwambia daktari, umemwambia baba. Basi nikarudi kazini nikiwa na roho mkononi. Nikifagia, naona kinyesi cha panya nyuma ya magunia, najisemea achanjwe, potelea mbali. Nikimwona baba anamchana manyoya, najisemea asiguswe. Nikampigia mdogo wangu wa kike simu.

"Mwambie baba ukweli," akasema. "Atakupiga?"

"Afadhali angenipiga."

"Wewe dada, umri wote huo bado unaogopa kugombezwa!" Akacheka. Nikamkatia simu. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi.

Mpango wangu ulikuwa nimshawishi baba kwamba sindano za hiari ni upuuzi. Jumatano nikaanza, oh, mbwa mwenyewe ni mzima, oh, tutatega mitego. Baba akanisikiliza mpaka mwisho. "Mbwa wa jirani naye alikuwa mzima," akasema, akaenda kutafuta kofia yake ya kutokea.

Alhamisi tukawa wote watatu kwenye chumba cha daktari, chumba kidogo chenye meza ya bati na harufu ya dawa. Kazi yangu ilikuwa kumshika Meneja kichwa. Alinilamba kidole gumba. Hakuwa na wasiwasi hata chembe, maskini, kwa kuwa nilikuwepo mimi.

Daktari alivuta dawa kwenye sindano. "Mzee, amewahi kuvimba au kuanguka baada ya kuchanjwa?"

"Hajawahi," baba akajibu kwa fahari. "Nyuki tu, mwaka juzi."

Daktari alishika ngozi ya shingo ya Meneja. Nilitaka kunyamaza, sidanganyi. Nilikuwa najiambia labda safari hii haitamdhuru, labda Mungu ataninusuru.

"Daktari, subiri!" Sauti ilinitoka kali, hata mbwa akashtuka. "Hawakuwa nyuki."

Nikasema yote. Sikumtazama baba, nilimtazama Meneja masikioni. Nilipomaliza, daktari aliweka sindano chini.

"Hilo linabadilisha mambo," akasema polepole. "Tunaweza kuacha, mkapambana na panya tu. Au nimpe kwanza dawa ya kuzuia mzio, nimchome hii moja peke yake, ya kichaa isubiri siku nyingine, na mkae hapa saa nzima nikimwangalia. Hatari ipo huku na ipo kule. Siwezi kuwadanganya."

Baba alimtazama Meneja, kisha akamtazama daktari.

"Panya tunalala nao," akasema mwishowe. "Mpe hiyo dawa, kisha umchanje." Halafu akanigeukia. "Wewe ondoka hapo. Nitamshika mimi."

Neno hilo liliniuma kuliko kofi.

Tulikaa kwenye benchi la nje, Meneja mapajani kwa baba, mimi nimejibana mwisho wa benchi. Kila dakika niliinama kumtazama midomo, kope, pua. Akipiga chafya, napata kiharusi. Akipiga mwayo, nahesabu pumzi zake. Baba alikuwa anamkandakanda mbwa shingoni kwa vidole viwili, basi.

Saa ilipotimia daktari alitoka, akampapasa uso, akamsikiliza kifua, akamwangalia fizi. "Hakuna uvimbe. Leo mchungeni nyumbani, mkiona chochote nipigieni mara moja."

Looh, nilitaka kumkumbatia mtu! Nikasimama, nikachukua mkoba, nikasema haya baba, twende zetu.

"Kaa," baba akasema.

Nikakaa.

"Na majibu yangu ya hospitali, nayo yalikuwa nyuki?" Alikuwa anatazama barabarani. "Siku uliponipeleka kupimwa nilibaki nje, ukaingia wewe. Ukatoka unacheka, ukasema daktari wa kule kasema ni uzee tu."

Mdomo wangu ulifunguka, na uongo ulikuwa tayari kabisa ulimini, mtamu, wenye kicheko chake. Nikaumeza.

"Ni moyo, baba," nikasema. "Walisema ni moyo."

Mkono wake ukasimama kwenye shingo ya Meneja. "Tangu lini unajua?"

"Tangu mwezi wa tatu." Nikaanza kulia. "Nilidhani ukijua utarudi kulala na kutazama ukuta."

Baba alivua kofia, akaiweka juu ya goti, akaniambia nianzie mwanzo na nisiruke kitu.