Dawa ya Saa Nzima

Baba aliletwa chumba cha upasuaji akiwa amejikunja kwa maumivu, utumbo umejisokota. Mtoa usingizi wa zamu nilikuwa mimi, peke yangu. Nikamwamkia. Akanigeuzia kisogo. Tumbo linamuua, kununa hajasahau! Tangu niolewe na mwanamume ambaye yeye hakumtaka, hakuwahi kuniitikia salamu.

Nilimlaza usingizi. Kisha nikampa dawa ya kulegeza misuli, ile ya haraka ambayo huisha baada ya dakika chache tu. Inatosha kupitisha mpira wa kupumulia kooni. Mpira ukapita. Upasuaji wenyewe ulitaka dawa ya kukaa kama nusu saa, ya kuongezwa kidogo kidogo.

Katika sanduku la dawa ilikuwemo ya tatu, inayokaa saa nzima na zaidi. Niliikodolea macho. Mkono wa baba ulikuwa mkononi mwangu, umelegea tepetepe, hata pumzi nampumulia mimi kwa mashine. Hamu ya baba ilinishika vibaya. Nilijua akizinduka ataunyakua mkono wake; kwa dawa ile ningekaa nao zaidi. Lakini mzee kama yule, dawa ndefu ingemwelemea kifua bure. Nikafunga sanduku, nikampa ya nusu saa.

"Unamshika kama mchumba," muuguzi akanitania.

"Fanya kazi yako, dada."

Daktari alipomaliza kushona, nilimpa baba dawa ya kuondoa ulegevu, nikaifunga hewa ya usingizi. Akaanza kupumua mwenyewe. Nilipomwambia ainue kichwa, akainua, nikautoa mpira. Kabla ya kumpeleka wodini kilibaki kipimo cha mkono: mgonjwa abane, kisha aachie akiambiwa. Kubana hata kitoto kichanga hubana. Kuachia ndiko kunakoonyesha kwamba amesikia.

"Baba, nibane mkono."

Akabana. Akabana hasa. Nikabaki nikivitazama vidole vyake.

"Hujamwambia aachie," muuguzi akanikumbusha.

Kweli, sikuwa nimemwambia. Kazi ninayoifanya kila siku ilinishinda pale, kwa kuogopa neno moja.

"Achia, baba."

Hakuachia.

Muuguzi akasogea. "Dawa bado imo? Nimwite daktari?"

Baba akafumbua macho, akanitazama. Sauti yake ilikwaruza kwa sababu ya ule mpira.

"Dawa imeisha," akamwambia muuguzi. "Huyu ni mwanangu."