Dada Pazia na Nyongeza Kumi na Nne

Wenzake wa kwenye gemu walimwita Dada Pazia, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Siku alipojiunga na kikosi chao aliulizwa anafanya kazi gani, akajibu kwamba anashona mapazia, basi ikawa imekwisha. Kazi yenyewe aliifanya katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mlikuwa na meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, marobota ya vitambaa yaliyoegemezwa ukutani kama watu wanaosubiri zamu, na pembeni, karibu na dirisha, kompyuta aliyoinunua ili awaonyeshe wateja michoro. Kwa miezi minane sasa kompyuta hiyo ilikuwa imeona mazimwi mengi kuliko mapazia.

Aliyemponza ni mdogo wake wa mwisho, muuguzi aliyehamishiwa mji wa mbali. Simu zao zilikuwa zimepungua mpaka zikabaki salamu na kuulizana habari za magoti. Siku moja mdogo mtu akamwambia, "Dada, njoo tucheze gemu. Tutaongea huku tunapigana." Dada Pazia alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Lakini alikwenda, na kunogewa akanogewa.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri alifunga mlango wa duka, akavaa hedifoni, akageuka tabibu wa kikosi cha watu kumi. Kazi ya tabibu kuieleza ni rahisi: wenzako wanapigana, wewe unatazama mistari ya uhai wao, na mstari wa mtu ukianza kupungua unamrushia dawa. Ukichelewa, mtu anakufa. Wakifa wengi, wote mnarudi mwanzo, na macho yote yanakugeukia wewe.

Jumamosi nne mfululizo walikuwa wameshindwa na Mama Kuvu, zimwi nene lililojikalia ndani ya pango lenye sakafu ya nyasi za kijani, likimwaga madimbwi ya sumu huku na huku. Jumamosi ya tano wakashindwa tena, mara sita kwa alasiri moja. Na kama ilivyokuwa karibu kila mara, aliyetangulia kufa alikuwa Kapteni.

Kapteni, katika maisha yake ya kila siku, alikuwa msimamizi wa kiwanda cha mikate, mtu wa sauti nene na moyo mweupe aliyezoea kupiga kelele ili asikike juu ya mashine za kukandia unga. Ndani ya gemu yeye ndiye aliyebeba ngao na kusimama uso kwa uso na zimwi.

"Dada Pazia," alisema, akijikaza kuwa mpole, "mimi sikulaumu. Ila dawa zako zinanifikia nikiwa maiti."

"Naona zinachelewa, Kapteni. Sijui ni macho, sijui ni vidole."

"Si macho wala vidole. Ni skrini yako. Unacheza na skrini tupu kama mtu aliyeingia jana. Huna nyongeza hata moja! Nitakutumia orodha."

Nyongeza ni vijiprogramu vinavyotengenezwa na wachezaji wenyewe. Unavipakua, unavipachika juu ya gemu, navyo vinakuonyesha yale ambayo gemu haiyaonyeshi vizuri: saa ya kuhesabu, ramani, king'ora cha hatari. Orodha ya Kapteni ilikuwa na nyongeza kumi na nne. Dada Pazia hakuzoea kufanya kazi nusunusu. Akazipachika zote.

Jumamosi iliyofuata alipoingia pangoni alitamani kulia. Juu ya skrini saa tano zilikuwa zikihesabu kurudi nyuma, kila moja na rangi yake. Kushoto ilining'inia ramani, kulia ramani ya ile ramani. Nambari ziliruka kama bisi kwenye sufuria. Katikati kabisa palikuwa na kijidirisha kilichomuuliza kwa adabu kama angependa toleo jipya. Na nyuma ya hayo yote, kwa mbali, ulionekana unyayo mmoja wa Mama Kuvu.

Mumewe, kinyozi mwenye kibanda chake mlango wa pili, alipita na kikombe cha chai akainama kutazama.

"Huyo adui yenu yuko wapi?"

"Yuko nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya msaada," alijibu Dada Pazia, na papo hapo king'ora kikalia sikioni mwake kama gari la zimamoto. Alishtuka, akabonyeza kitufe sicho, na badala ya dawa ikafunguka ramani ya tatu ambayo hata hakujua kwamba anayo. Alipofanikiwa kuifunga, kikosi kizima kilikuwa kimelala chali. Sekunde arobaini.

Halafu mtu mmoja akasema taratibu, "Hata siku ile paka wangu alipolalia kibodi tulifika dakika mbili."

Wote wakaangua kicheko, naye Dada Pazia akacheka, ila mashavu yalikuwa yanamwaka moto. Aliaga mapema, akavua hedifoni, akamwambia mumewe kwamba gemu basi, amewachosha watu wa watu.

Hakumaliza hata kukunja kitambaa kilichokuwa mezani, mdogo wake akapiga simu.

"Dada, usiniambie umeziweka zote kumi na nne."

"Orodha ilikuwa na kumi na nne."

"Makubwa! Mimi mgonjwa akiniletea mfuko wenye dawa kumi na nne, namkalisha chini. Hii ya nini? Hii nayo ya nini? Nyingine hata yeye hajui alipewa lini. Zitoe zote, kisha uzirudishe moja moja. Na ole wako uache gemu! Nitaongea na nani Jumamosi?"

Jumatatu asubuhi, kabla wateja hawajaanza kubisha hodi, Dada Pazia alizifuta zote. Akapachika moja, akatoka nje ya lango la mji wa gemu kupigana na mbwa mwitu wadogo, akaangalia kama imemsaidia kitu. Haikumsaidia, akaitupa. Akapachika nyingine. Ramani zikaenda, saa zote tano zikaenda, nambari za kuruka zikaenda. Kila alipofuta alihisi kama mtu anayevua kiatu kinachobana.

Ya kwanza kunusurika iliitwa Safu. Ilikusanya mistari ya uhai ya watu wote kumi na kumruhusu kuiweka popote. Hapo ndipo alipogundua jambo lililomfanya ajipige paji la uso. Miezi minane alikuwa akiitafuta mistari hiyo kwenye kona ya juu kushoto, na kwa miwani yake ya kusomea ilimbidi ainue kidevu kila mara kama kuku anayekunywa maji. Akaivuta mpaka katikati, chini kidogo, akaikuza ikawa na ukubwa wa kiganja. Mbwa mwitu aliyefuata hakumng'ata mtu.

Ya pili iliitwa Tarumbeta. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele sumu inapokaribia, lakini ilikubali utumie sauti yako mwenyewe mahali pa king'ora. Alijirekodi akisema, "We! Usikanyage hapo!" kwa sauti ileile anayoitumia mtu akitaka kupita juu ya kitambaa cheupe kilichotandazwa sakafuni. Sauti hiyo haikumshtua. Alikuwa ameizoea miaka ishirini.

Ya tatu nusura aifute. Iliitwa Karani, na kazi yake ilikuwa kuandika nani amekufa na ameuawa na nini. Kwa nini mtu atake kusoma orodha ya marehemu? Lakini alipoifungua, ikiwa bado imehifadhi vifo vya Jumamosi, akaona jina la Kapteni, na mbele yake maneno mawili: dimbwi, sumu.

Akakumbuka kwamba mdogo wake alikuwa na Karani tangu zamani. Akamwomba kumbukumbu za Jumamosi zote tangu wamvamie Mama Kuvu, akazichapa, akazitandaza kwenye meza ya kukatia, akachukua chaki. Kila Kapteni alipokufa kwa kipigo cha zimwi alitia nukta, na kila alipokufa kwa dimbwi alitia mstari. Alipomaliza alivua miwani, akaifuta, akahesabu tena. Kapteni alikuwa amekufa mara ishirini na mbili. Mistari ilikuwa kumi na tisa.

Dimbwi la Mama Kuvu lilikuwa kitu cha kuruka hatua moja tu. Kapteni alisimama ndani yake kama mtu anayesubiri basi, mpaka akafa. Hapakuwa na tabibu duniani ambaye angemtosheleza kwa dawa.

Siku mbili alizunguka na jambo hilo tumboni. Kumwambia mbele ya kikosi kungekuwa kumvua nguo. Kunyamaza nako kungemchoma. Alhamisi mchana akapiga moyo konde, akampigia kazini. Nyuma ya sauti yake mashine zilikuwa zikinguruma.

"Kapteni, samahani kwa usumbufu. Nataka kukuuliza, yale madimbwi ya Mama Kuvu unayaonaje?"

"Madimbwi? Ah, yale hayaonekani, Dada. Unaona uhai unapungua, ndipo unajua umekanyaga. Ni kukisia tu. Nyie wenzangu mna bahati mnakisia vizuri."

Dada Pazia alikaa juu ya robota la kitambaa.

"Kapteni, sisi hatukisii. Ni mekundu. Mekundu kama nyanya iliyoiva, juu ya nyasi za kijani."

"Acha utani."

"Sikutanii. Nina mteja mmoja, mwalimu mstaafu, hachagui pazia bila mkewe. Ukimwekea kitambaa chekundu na cha kijani, kwake ni kitu kimoja. Kazaliwa hivyo, na alifika miaka thelathini bila kujua."

Mashine ziliendelea kunguruma. Kisha akamsikia Kapteni akimwita mtu, "Wewe! Njoo hapa. Kreti hizi za mikate ni za rangi gani?"

"Nyekundu, bosi," sauti ikajibu kwa wasiwasi. "Za shule."

"Na hizi?"

"Za kijani. Za maduka."

"Na mimi nazipanga vipi kila asubuhi?"

"Bosi... sisi huwa tunasubiri uondoke, halafu tunazipanga upya."

Kapteni alianza kucheka. Kicheko kilianzia mbali, kikapanda, mpaka Dada Pazia akasogeza simu kando ya sikio. "Miaka kumi na moja!" alisema alipopata pumzi. "Miaka kumi na moja nawafokea watu waache kuchanganya kreti, kumbe mchanganyaji ni mimi!" Kisha akatulia. "Na wewe, Dada yangu, nimekulaumu wiki zote hizo."

"Ulisema hunilaumu."

"Nilikuwa nakulaumu kwa upole. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Hata mimi nilikuwa nachelewa kweli. Sasa niachie hadi kesho, nikutafutie kitu."

Ijumaa yote, kati ya mteja na mteja, Dada Pazia alipekua nyongeza kwa niaba ya mtu mwingine. Moja iligeuza pango lote likawa la buluu, hata nyuso za watu, wakaonekana kama wametoka kwenye barafu. Nyingine iliweka mshale juu ya kila dimbwi, na madimbwi yakiwa manane, ilikuwa fujo ileile. Hatimaye alipata moja iliyoacha rangi kama zilivyo, ila ikachora milia myeupe, minene, juu ya kila sumu. Ilimkumbusha kitambaa cha magodoro. Akamtumia Kapteni hiyo moja tu, na chini yake akaandika: "Usiongeze nyingine."

Jumamosi Kapteni alieleza mambo yote mwenyewe mbele ya kikosi, bila kuficha hata habari ya kreti, na watu walicheka naye. Kisha wakaingia pangoni. Sekunde thelathini za kwanza zilikwenda vizuri. Halafu Mama Kuvu akamwaga sumu yake.

"Lahaula!" Kapteni akapiga kelele. "Yako kila mahali! Mbona hamkuniambia ni mengi hivi? Tazameni, na lile kule!"

"Sogea, Kapteni!" wakalia watu tisa kwa pamoja, lakini alikuwa bado anashangaa mandhari. Wakafa wote.

Mara ya pili alisogea. Akaruka kushoto, akaruka kulia, mwepesi kama aliyeshushiwa gunia mgongoni, na kwa mara ya kwanza mstari wake ukabaki umejaa. Dada Pazia alitazama safu yake hapo katikati, vidole vikaenda vyenyewe, na masikioni sauti yake mwenyewe ikawa inamkaripia, "We! Usikanyage hapo!" Dakika ya saba mdogo wake akaanguka. Dakika ya nane wakabaki sita. Mstari wa Mama Kuvu ulikuwa mwembamba kama uzi, wa Kapteni vivyo hivyo, na wa Dada Pazia haukuwa bora. Dawa ilibaki moja. Hakufikiri. Alimrushia Kapteni. Tabibu wake wa kwenye skrini akapiga magoti na kulala nyasini, na kabla hajakaa vizuri chini, Kapteni akatia pigo la mwisho, zimwi likaporomoka kwa kishindo.

Kelele zilizotoka humo hedifonini zilisikika hadi mlango wa pili. Kinyozi alikuja mbio na mkasi mkononi, na mteja wake akamfuata, shuka bado limefungwa shingoni na kichwa kimenyolewa upande mmoja.

"Kuna nini? Nani kaumia?"

"Nimekufa!" alisema Dada Pazia, akirukaruka mahali alipo. "Nimekufa na tumeshinda!"

Mteja alimtazama kinyozi. Kinyozi akampapasa bega, akamrudisha kwenye kiti.

Kule pangoni Kapteni alikuwa ameinamia sanduku la Mama Kuvu. "Humu kuna joho la tabibu," alitangaza. "Joho zuri, la... la rangi... jamani nisaidieni."

"Jekundu!" wakamjibu wote.

"Jekundu. La Dada Pazia, na atakayebisha anisogelee."

Alifufuliwa, akapokea joho, akalivaa. Wenzake wakamzunguka wakimshangilia. Yeye akamgeuza tabibu wake mbele, akamgeuza nyuma, akasogeza miwani karibu na skrini.

"Asanteni sana, wapendwa wangu," alisema. "Ila aliyelishona hili ana haraka. Pindo limekwenda upande."

"Dada," mdogo wake akasema, akicheka hata maneno yakawa yanakatika, "hilo huwezi kulifumua."

"Najua," alijibu Dada Pazia. "Ndicho kinachoniuma."