Unga wa Arakaza

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Joselyne anamwaga vikombe viwili vya unga wa muhogo kwenye ungo, anausawazisha kwa kiganja, na binti yake Arakaza anaandika neno moja kwa kidole, akitamka kila herufi. Akikosea, unga unasawazishwa na wanaanza upya. Mama Suzanne wa kanisani, aliyewaonyesha zoezi hili, aliweka masharti matatu: neno moja, kila siku, bila kofi. Arakaza ana miaka kumi na mmoja na yuko mwaka wa pili wa shule kwa mara ya tatu. Akitazama ubao, herufi zinahamahama. Kwenye unga zinatulia.

Mwezi wa pili wa zoezi hilo aliandika MAJI bila kukosea, na ungo ukaanza kutoa maji. Joselyne akakinga bidoni. Ilipojaa akaleta nyingine. Unga haukulowa, kwa hiyo mchana wakausonga bugali.

Robine ya kambi yao, bomba la maji, ilikuwa imekauka, na ziwa, hapa mjini Baraka, ni kolera tupu, kipindupindu. Watu wakapanga foleni. Hakuna aliyeuliza, mwenye kiu hana maswali. Waligombana tu juu ya nani alitangulia, kama kawaida yao. Mwalimu Nicolas, anayemfundisha Arakaza, alikuja na bidoni mbili za njano, akapitishwa mbele kwa kuwa ni mwalimu.

"Eh, huyu mutoto iko na akili!" alisema, akikaza vifuniko.

Joselyne aliyashika maneno hayo miezi mitano. Shule ilikwisha kumwambia: akianguka tena, nafasi yake inapewa mwingine. Mwaka huu anapanda, alijiambia, na alifurahi kweli.

Siku ya proklamasyo, matokeo yanaposomwa shuleni, alifunga unga wa ungo kwenye mfuko, maana huku mtoto aliyepita humwagiwa unga kichwani mbele za watu. Majina yakasomwa uwanjani. Vichwa vikawa vyeupe, vigelegele vikapigwa. Orodha ikaisha. Arakaza alikuwa amesimama karibu na mama yake, nywele zake nyeusi, zimesukwa vizuri.

"Mwalimu, jina ya mutoto wangu iko wapi?"

"Mama Arakaza, mutoto hajue kusoma. Mi nifanye nini?"

"Ku unga anasoma. We mwenyewe unakunywaka ile maji."

"Njo vile. Lakini examen haiko ku unga." Mwalimu alikunja orodha. "Kesho aandike mapema kidogo, mama. Niko na wageni."

Joselyne alikaza fundo la mfuko wa unga. Mama Suzanne, aliyekuwa nyuma yao, akasema asante ya punda ni mateke. Kisha akauliza kama kesho na yeye anaweza kupata bidoni moja.

Njiani Arakaza aliuliza kama watautupa ule unga. Mama yake alisema chakula hakitupwi.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu, Joselyne aliufungua mfuko, akaumwaga unga kwenye ungo, akausawazisha kwa kiganja. Nje, wenzake Arakaza walikuwa wakipita, unga wa jana ungali masikioni mwao. Arakaza aliandika, akatamka kila herufi. Hakukosea.

Bidoni mbili za njano zilikuwa za kwanza. Joselyne alizijaza.