Sala Iliyomfunika Mi-ryeong

Dakika tatu ndizo alizopewa Shemasi Ok Mi-ryeong ajieleze mbele ya kanisa letu hapa mjini Gunsan. Mimi, Pyo Gil-seop, mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na sita, ndiye niliyemnyang'anya dakika hizo. Ninaandika mwenyewe, kabla wengine hawajaipamba habari hii.

Kila Ijumaa jioni, baada ya mazoezi, mwalimu wa kwaya Maeng Tae-ju aliwarudisha akina mama makwao kwa gari la kanisa. Mi-ryeong, mjane anayeshona mapazia, ndiye aliyekuwa akishuka mwisho. Ijumaa moja ya mwezi wa tatu Tae-ju alipita njia ya kwa mama huyo bila kukata kona, akaegesha kando ya bwawa, akafunga milango, akamrukia. Mi-ryeong aliminya honi bila kuachia hadi mlinzi wa bwawa akatoka kibandani. Mi-ryeong akaponyoka, akafika kwake kwa miguu, na kiatu kimoja.

Alileta malalamiko kwenye baraza la wazee. Tulikuwa wanaume saba, na mmoja wetu alikuwa Mzee Maeng, baba mzazi wa Tae-ju. Hakuna aliyemwambia atoke nje. Tulimuuliza mama yule kwa nini alikaa kiti cha mbele. Mimi nilimuuliza sketi yake ilikuwa na urefu gani. Ndiyo, mimi, mtu niliyejisomesha shule ya usiku huku nikichonga vyuma mchana, ninayejiona mwerevu kuliko wenzangu. Tae-ju tulimuuliza tu kama siku hizi anachoka sana.

Kisha tukaamua kwamba Mi-ryeong amevuruga amani ya kanisa. Avuliwe ushemasi, na waumini wapige kura Jumapili. Mchungaji ni kijana na mwoga, lakini walau aliomba Mi-ryeong apewe hizo dakika tatu.

Jumapili asubuhi Mzee Maeng alinikuta kwenye rafu ya mlangoni, tunapovua viatu kabla ya kuingia ibadani.

"Mzee Pyo, leo zamu yako kuongoza sala, sivyo?"

"Yangu."

"Basi yule mama akianza kuropoka, itisha sala ya pamoja. Una kifua, bwana! Ukilia wewe, hata ng'ambo ya mto wanatubu."

Nilicheka. Nilipenda kusifiwa sauti, na ninaona aibu kuandika hivyo.

Desturi yetu ni hii: kiongozi akiita "Bwana!" mara tatu, kila mtu husali lake kwa sauti, wote kwa mpigo, na jengo zima huvuma. Nimewaona watu wakitua mizigo mizito ndani ya mvumo huo. Sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kutumiwa kumziba mtu mdomo.

Ibada ilipokwisha, akina mama wanaowapikia waumini chakula cha mchana walipanda kutoka jikoni chini kuja kupiga kura, aprani zikiwa bado kiunoni. Mke wangu Sun-nyeo alikuwa kati yao, na Mama Gu, bibi wa miaka themanini anayesimamia masufuria.

Mi-ryeong alisimama. "Ndugu zangu, Ijumaa ile, gari lilipofika njia ya kwangu..."

Mzee Maeng aligeuza shingo akanitazama. Nikanyanyua kipaza sauti.

"Wapendwa, tumlilie Mungu kwa ajili ya umoja wa kanisa! Bwana! Bwana! Bwana!"

Watu mia mbili wakapaza sauti. Mi-ryeong hakuketi. Aliendelea kusema, mdomo ukienda, mishipa ya shingo ikimtoka. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na hata mimi nilipata vipande tu: "...milango..." "...mkono wangu..." Mlinzi wa bwawa, mtu asiyekanyaga kanisani, alisikia honi akatoka. Sisi tuliojaa neno la Mungu tulizidisha kelele.

Mtu akanivuta mkono wa koti. Sun-nyeo.

"Baba Yeong-ran! Unamwita Bwana ili nani asisikike?"

Nikashusha kipaza sauti. Pale mimbarani kuna kengele ndogo ya shaba, ambayo mchungaji huigonga kumaliza sala. Tumeizoea mno, ikilia, hata anayetokwa na machozi hukatisha. Sina ruhusa ya kuigusa. Niliigonga.

Kanisa likanyamaza ghafla, na ikabaki sauti moja, ikipiga kelele kama ilivyolazimika:

"...akasema, nani atamwamini mshona mapazia mbele ya mtoto wa mzee!"

"Nani kagonga?" Mzee Maeng aliinuka. "Sala haijaisha!"

"Imeisha," nikasema. "Dakika zake zianze upya."

"Pyo, umechanganyikiwa?"

"Keti wewe, Maeng," akasema Mama Gu. "Miaka thelathini unakunywa supu yangu hujasema hata asante. Leo nyamaza na usikilize."

Mi-ryeong akasema yote. Nikimsikiliza, nilikumbuka kwamba Bwana aliwahi kusimamisha umati mzima ili mwanamke mmoja mgonjwa aseme kweli yake yote. Tena alikuwa njiani kwenda nyumbani kwa mzee wa sinagogi, kwa jambo la dharura. Mzee akangojeshwa. Sisi wazee wa leo hatutaki kungoja hata dakika tatu.

Mchungaji aliita kura ya kumvua ushemasi. Mikono kumi na mmoja tu ilipanda, ya familia ya Maeng na marafiki zao. Mi-ryeong akabaki shemasi.

Nilimfuata mlangoni. Nakiri nilitarajia ashukuru.

"Shemasi Ok, nisamehe."

"Mzee Pyo, kunifunika hukusukumwa. Kunifunua mpaka uvutwe koti." Alikuwa akifunga kamba za viatu, hakuinua uso. "Kesho asubuhi naenda polisi. Watataka kujua baraza lilinijibu nini. Utakuja kusema, au nako utaongoza sala?"

"Nitakuja."

"Tutaona."

Kesho yake mimi na Sun-nyeo tulifika kituoni kabla yake. Alipotuona hakutabasamu, alisogea tu kwenye benchi tukae. Askari aliyekuwa mezani alinitazama mvi na tai yangu.

"Mzee, wewe ni nani wa huyu mama? Baba yake?"

"Hapana," nikasema. "Mimi ni mmoja wa waliomziba mdomo. Andika."